Mkono wa Maoulida

Siku waliyomuua mke wangu mimi nilikuwa kisiwa cha Nosy Be nikichinja ng'ombe wa watu wengine. Nalisema hilo mwanzo ili asije mtu akaniambia nilificha. Nilivusha ng'ombe wanane kwa boti kutoka mji wetu wa Mahajanga, nyama ya sikukuu za mwisho wa mwaka kwa watu wa kiwanda cha sukari. Nilikuwa sokoni Hell-Ville, mji wa kisiwa kile, damu mpaka viwikoni, mwenye duka la jirani akaongeza sauti ya redio yake. Mahajanga kunachomwa, ilisema.

"Kunachomwa nini?" nikamwuliza.

Akaitazama kofia yangu, akaizima redio.

Ilinichukua siku nne kupata chombo cha kurudi, na siku tatu za kuua zilikuwa zimeshapita. Ilikuwa Disemba ya sabini na sita. Nilipofika Mangarivotra, mtaa wetu, mabati yalikuwa yamekunjika chini kama karatasi, na mahali palipokuwa mlango wangu palikuwa na mbwa. Koulsoum hakuwa na kaburi. Wafu walibebwa kwa lori, wengi kwa pamoja, wakafukiwa kwa pamoja. Binti yangu Hayrat, wa miaka kumi na saba, nilimkuta hai nyumbani kwa Zalia.

Huyu Zalia ni mjane, alikuwa akiuza mikate ya mchele na nazi njia panda. Hakuwa Mngazija kama baba yangu. Watu wake ni Waislamu wa pwani hii hii, wa miaka na miaka, na wale wenye mapanga walikuwa wakisaka Wangazija, hawakuwa na haja naye. Angeweza kukaa kimya mle ndani. Lakini aliwaingiza jikoni kwake watu kumi na mmoja, akawapanga nyuma ya magunia ya mchele, akaketi mlangoni na karai la mafuta yanayochemka. Wa kwanza kutia mguu alimwagiwa usoni. Wa pili alimwona wa kwanza, akarudi.

Koulsoum alikuwa hatua ishirini kutoka mlango ule. Hayrat aliona yote kupitia ufa wa ubao. Alisema mama yake alilishika panga kwa mikono miwili, kwenye makali, akakataa kuliachia, na yule mtu alikuwa akivuta, akivuta, huku anatukana, mpaka mwenzake akaja kwa nyuma na rungu. Kisha wakaleta mafuta ya taa. Hilo la mafuta Hayrat alilisema mara moja tu. Sikumwuliza tena.

Sasa nitasema ni nani aliyewaonyesha milango. Mchele wakati ule uligawiwa kwa kadi, na kila mtaa ulikuwa na mtu wa kuandika nani anakaa wapi, ana watoto wangapi, baba yake kazaliwa nchi gani. Kwetu mtu huyo alikuwa Chaher. Tulisali naye safu moja. Hamada, fundi wa baiskeli, alikuwa amehamia nyumba ya nyuma ya msikiti wiki mbili kabla, hata mimi sikuwa nikilijua jina la mkewe. Wauaji walilijua. Walilitaja mlangoni. Mbali ya Hamada mwenyewe ni Chaher peke yake aliyelijua, kwa kuwa alikwisha kuliandika.

"Waliniporea daftari," alisema Chaher kila alipoulizwa. Waliliporaje, mtu hana hata mkwaruzo?

Nilitoa kisu changu kikubwa cha kuchinjia, nikakinoa siku mbili. Hayrat alinitazama nikikinoa. Siku ya tatu akaja akasimama mbele yangu.

"Ukimuua, watakuua. Mimi nitabaki na nani?"

"Na damu ya mama yako?"

"Mama hatarudi kwa damu ya Chaher." Kisha akasema, "Kuna uchaguzi Machi. Anautaka uenyekiti, kila mtu anajua. Mkatae mbele ya watu wote, Baba. Akose, aone haya, ahame. Hiyo mimi itanitosha."

Nilimwapia. Nilimwambia nitaweka kisu, nitapiga kura kama watu wengine. Lakini Chaher akikaa kwenye kiti kile, akawa yeye ndiye wa kugonga muhuri kwenye karatasi za Mangarivotra, mimi narudi kwenye kisu changu. Tulikubaliana hivyo, mimi na mwanangu.

Wengi wetu walikuwa wamekwisha kupakiwa kwenye meli na ndege kupelekwa Komoro, nchi ambayo wengine hawakuwahi kuiona. Tulibaki wenye karatasi za hapa. Mama yangu ni wa Nosy Sakatia, kisiwa kidogo kando ya Nosy Be, kazaliwa na kuzikwa kule, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kura. Na majirani waliobaki, wa kila kabila, wengi walikuwa na aibu ya yale waliyoyaona, wakataka kufanya neno.

Mpango wa serikali ulikuwa hivi. Mtaa, yaani fokontany, unachagua watu watano. Hao watano wanakaa, wanamtoa mmoja. Huyo mmoja anakwenda kukutana na wenzake wa mitaa mingine sita, na hao saba ndio wanaomchagua mwenyekiti wa juu. Walituambia huo ndio utawala wa wananchi. Mimi shule niliiacha mapema, lakini nilijiuliza: nikimtuma mtu dukani, naye akamtuma mtu, naye akamtuma mtu, chumvi yangu itafika?

Siku ya kura tulipanga mstari uwanja wa skuli. Shemeji yake Chaher alikuwa akigawa viberiti kwenye mstari, kimoja kimoja, huku anatabasamu. Viberiti! Katika mtaa ulioungua! Aliponifikia mimi akanipa viwili.

"Wewe bado upo, Anli? Nilidhani meli zimekwisha kuzoa takataka zote."

Nilimpiga kichwa. Nilisikia meno yakivunjika, nikafurahi, nasema kweli. Naye hakuwa mnyonge, alinyanyua stuli ya karani akanipasua nayo hapa juu ya jicho. Watu wakaingiliana. Mwanamke mmoja alikuwa akimpiga mtu kwa kiatu, akimtajia kwa kila pigo jina la mwanawe aliyekufa. Karani alilikumbatia sanduku la kura akajibanza ukutani nalo, akipiga kelele, "Mstari! Mstari!" Mwisho mstari ukarudi. Nilipiga kura yangu damu ikinidondokea kwenye karatasi.

Watu zaidi ya mia nne walipiga. Zalia alipata mia tatu na kumi na tano. Hakuna aliyemkaribia. Maoulida alifuata kwa mbali, kisha mimi, nadhani kwa huruma, kisha Tadjiddine mshona nguo na Hamada. Chaher alipata tisa. Karani alilisoma mara mbili, tisa, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia. Hayrat alinishika mkono. Nilidhani yamekwisha.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu ya mitaa ya nje ya mji. Kuna kitongoji kule, nyumba thelathini, ukoo mmoja, wakwe zake Chaher. Akajiandikisha kule kama mkazi, na hakuna mkubwa aliyeuliza analala wapi. Akapata kura ishirini na sita, akawa mjumbe wao. Kitongoji cha kura ishirini na sita kilimpeleka mtu mmoja juu, na Mangarivotra ya kura mia nne ilimpeleka mtu mmoja juu. Nani aliyeandika sheria hiyo? Mtu aliyeshiba, mbali na hapa.

Tulikaa sisi watano nyumbani kwa Maoulida tumtoe mmoja wetu. Maoulida alikuwa mwenye duka la vitambaa, mtu wa miaka hamsini, mnene, mpole. Alikuwa amefanya harusi kubwa. Kwa sisi Wangazija hilo si jambo dogo. Mtu anaweza kuwa na wajukuu, lakini kama hajafanya harusi kubwa, hajachinja, hajalisha mji, basi akikaa palipo na aliyefanya, hasemi. Atasemewa.

Hamada alianza. "Watu wamesema Zalia. Mia tatu na kumi na tano. Tunakaa hapa kujadili nini?"

"Kujadili akili," nikasema. Ndiyo, ni mimi niliyesema. "Tumtume mwanamke muuza mikate kwa wakubwa? Watatucheka. Maoulida ndiye mwenye heshima. Ndiye wa kutusemea."

"Mbele ya mapanga heshima ilikuwa wapi?" akauliza Hamada.

Zalia alikuwa kakaa pembeni, miguu kainyoosha, anajipepea kwa kipepeo cha ukili. "Mwacheni Anli. Anapenda watu wanene, ni mchinjaji." Kisha akamgeukia mwenye nyumba. "Bwana Maoulida, harusi yako ilichinjwa ng'ombe wangapi?"

"Kumi na wawili," akasema Maoulida kwa fahari.

"Wote walikufa bila kusema neno. Wewe wakikushika utasema?"

Tulicheka, hata Maoulida alicheka. Nikamwuliza, "Hutamchagua Chaher?"

"Mimi? Nimchague aliyemuuza Koulsoum? Wallahi, mkono wangu ukatike kwanza."

Zalia na Hamada wakasema Zalia. Maoulida na Tadjiddine wakasema Maoulida. Nikabaki mimi. Nikasema Maoulida. Nilirudi nyumbani nikamwambia Hayrat, akaacha kufua, akanitazama tu, mikono ndani ya povu.

Siku ya baraza la juu tulikwenda kwa miguu, watu kama sitini, tukasimama nje ya ukumbi karibu na bandari. Tulikuta malori mawili yamekwisha kufika. Juu yake vijana wenye marungu, si wa mtaa wetu, wengine hata si wa mji. Katikati ya lori la pili palikuwa na pipa. Upepo ulipogeuka tukasikia harufu, petroli. Mama mmoja aliyekuwa kando yangu alijikojolea pale pale, amesimama. Askari wawili walikuwa mlangoni wakila karanga.

Hamada aliwaendea. "Wazee, lile pipa la nini?"

"La mashine," askari akasema.

"Mashine gani?"

Hakujibiwa na askari. Alijibiwa na kijana wa lori, kwa rungu, kisogoni. Hamada alianguka kwa magoti kwanza, kama anayetaka kusujudu, kisha kwa uso. Tulimrukia yule kijana. Nilimshika masikio nikampigisha kichwa kwenye bodi la lori, mara tatu au nne, mpaka nikahisi amelegea. Nikapigwa mbavu, nikapigwa goti. Waliturudisha nyuma mpaka ukuta wa upande, chini ya dirisha, na pale nikaweza kuona ndani.

Walikuwa saba kwenye meza ndefu. Hakukuwa na sanduku. Aliyekuwa akisimamia alisema kura ni ya mkono, ili pasiwe na wizi. Nilitaka kucheka, ubavu haukuniruhusu.

"Wanaomtaka Bwana Chaher."

Chaher mwenyewe akanyosha. Wa kitongoji kingine kidogo akanyosha. Mzee mmoja akanyosha huku ameinamia meza. Mikono mitatu. Wanne walikuwa wamebaki. Maoulida aligeuza kichwa akatazama dirishani. Alituona. Aliniona mimi, na damu yangu usoni, na nyuma yangu aliliona lori. Akanyosha mkono, si juu sana, kiasi cha bega.

"Minne," akasema msimamizi, na watu wa malori wakaanza kuimba.

Mitaa saba, watu mamia kwa mamia, na ukiwahesabu wote waliolitia jina la Chaher sandukuni kwa hiari yao, nyumba moja ya matanga ingewatosha. Akawa mwenyekiti wetu sote. Kura yangu mimi niliipiga mara moja, baadaye wengine wakanipigia mara mbili zaidi bila kuniuliza.

Nilikwenda nyumbani. Ilikuwa baada ya alasiri, jua kali. Hayrat alisimama mlangoni kanizibia njia.

"Baba, hapana."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana Chaher. Mbona unatazama njia ya kwa Maoulida?"

Nilimsukuma. Sijawahi kumgusa tangu azaliwe, na siku ile nilimsukuma akaanguka juu ya vyombo. Nikachukua kisu.

Maoulida hakukimbia. Nilimkuta uani kwake, amekaa kwenye kigoda, birika mkononi, anatawadha. Alinitazama, akatazama kisu, akaendelea kumimina maji.

"Niache nisali kwanza, Anli."

"Umeapa."

"Nimeapa." Akaweka birika chini. "Uliliona pipa? Waliniita kwenye chumba kabla ya kikao. Wakaniambia, mkono wako, au Mangarivotra leo leo. Hawakunitisha mimi. Mimi wangeniua, ningekufa. Wakanitajia nyumba. Ya Hamada. Ya Tadjiddine. Yako. Wakaniuliza Hayrat analala chumba gani."

"Tulikutuma useme hapana."

"Mlinituma niwalinde! Au mlinituma nini? Mia nne walipotia karatasi sandukuni walitaka nini, Chaher akose kiti, au watoto wao waamke kesho? Niambie, wewe uliyenichagua. Wewe ndiye uliyenituma, si wao. Wao walimtuma Zalia."

Mtu asiye na jibu na ana kisu, mnajua.

Nilimshika mkono wa kulia, ule ule, ulikuwa bado unateleza kwa maji. Alipiga kelele kabla sijafanya kitu. Nilimlaza juu ya jiwe la kufulia, nikamkalia. Kwa mchinjaji kifundo ni kifundo tu, unatafuta mahali ambapo hakuna mfupa, unapita. Nilipita. Haikuchukua muda wa kusema bismillahi, na sikuisema. Mkono ulibaki juu ya jiwe, vidole vikijikunja, na Maoulida akaacha kupiga kelele, akawa anautazama kama kitu cha mtu mwingine. Damu ilikwenda mpaka kwenye birika.

Majirani walinipiga mpaka nikapoteza fahamu, na nilipozinduka nilimwona Chaher. Alikuwa amekuja na askari na moja ya malori yale. Kazi yake ya kwanza ya uenyekiti ilikuwa kuvua shuka yake ya bega, kumfunga Maoulida kigutu, kumpakia na kumkimbiza hospitali. Alimwokoa. Watu wakasema, mnaona, Chaher ana huruma. Wengine waliosema hivyo ndio waliopiga vigelegele siku ya zile kura tisa.

Nilifungwa miaka sita. Nilipotoka, mwaka wa themanini na tatu, nilipewa karatasi kwamba Mahajanga si mahali pangu tena, nirudi kwa watu wa mama yangu, Nosy Be. Karatasi ilikuwa na muhuri na saini ya Chaher. Tangu kiti kile cha kwanza alikuwa hajawahi kuchaguliwa na wananchi zaidi ya arobaini, na hajawahi kushindwa.

Hayrat alikuja kunitazama kwenye geti la gereza kabla sijapelekwa botini. Alikuwa mwanamke mzima sasa, mtoto mgongoni. Kando yake alikuwa Zalia, amezeeka, mkono wa kushoto umefungwa kwenye ubao na kitambaa.

"Nani kakuvunja, Ma Zalia?"

"Kumekuwa na uchaguzi tena," akasema Hayrat. "Watano. Mimi nilikuwa mmoja wao. Safari hii tulimtuma aliyetumwa na watu."

"Akafanya nini?"

"Nilikaa na mikono yangu mapajani," akasema Zalia. "Msimamizi akauliza nani hamtaki Chaher, nikanyosha miwili. Wakasema hairuhusiwi miwili. Nikawaambia basi punguzeni mmoja. Wakapunguza."

"Na Chaher?"

"Wanne kwa watatu. Kakaa."

"Na mtaa? Walichoma?"

"Walichoma jiko langu," akasema Zalia. "Mtaa upo."

Niliwaambia ni makosa ya serikali. Nilisema wangetuacha tumchague mwenyekiti wenyewe, moja kwa moja, Koulsoum angepata haki yake na Maoulida angekuwa na mkono wake. Nililisema hilo kwa nguvu, na bado nalisema, hapa Nosy Be, kwa yeyote anayenisikiliza. Wakubwa ndio walioiweka ile ngazi.

Hayrat alimkaza mtoto wake mgongoni vizuri. "Serikali haikuwamo nyumbani kwa Maoulida siku ile, Baba. Mlikuwa watano."

Nikamwomba aje nami Nosy Be, yeye na mumewe na mtoto. Nyumba ya bibi yake ipo Sakatia, ina mlango, ina paa. Akasema hapana. Hakusema kwa hasira. Akasema ana kazi Mangarivotra, kuna uchaguzi mwingine utakuja, na Ma Zalia hawezi kukanda unga kwa mkono mmoja.

"Pole kwa mkono," nikamwambia Zalia.

"Sina neno," akasema. "Angalau wangu umevunjwa na maadui."

Askari akaniita. Nilipogeuka kuwatazama walikuwa wamekwisha kufika barabarani, Hayrat mbele, anamsimamishia Zalia pusipusi, kigari cha kukokotwa na mtu.